Nani Atausoma Mhadhara wa Shangazi

Masjala ya Chuo Kikuu
3 Februari 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile koti lako zito liwe limeshatoka kwa dobi. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba bado linamsumbua, ila si kiasi cha kumnyamazisha. Mama amenunua cherehani mpya na ile ya zamani amekataa kuiuza. Anasema mzee hafukuzwi nyumbani kwa sababu kijana amebisha hodi. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Mkuu wa masjala, yule bibi niliyekwambia kwamba hata mafaili yanamwogopa, atatoa uamuzi wake mwezi wa saba. Akiniita, sauti inanikimbia, namjibu kwa mnong'ono kama mtu aliyeingia msibani.

Sasa jambo lenyewe. Jana imepita mezani kwangu nakala ya barua yako kutoka kwa Katibu wa Chuo. Yenyewe itakufikia kwa njia yake, lakini sikuweza kungoja. Baraza limekubali, Shangazi. Wewe ni profesa. Profesa wa historia ya safari za Wareno na watu waliokutana nao! Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena kwa kidole.

Lakini kuna sharti. Mhadhara wako wa uprofesa lazima usomwe ukumbini kabla ya Juni kwisha. Usiposomwa, jina lako linarudi Barazani kupangwa upya na wengine, na wewe mwenyewe unajua kustaafu kwako kuko karibu kuliko zamu hiyo. Nafasi ya pili haipo.

Tafadhali niambie unafika lini. Baba ameshaanza kupaka rangi chumba cha uani, na ameichagua rangi mwenyewe, kwa hiyo uje umejiandaa.

Mwanao,
Karani


26 Februari 1985

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Koti lilirudi, kifungo kimoja kikabaki kwa dobi. Nimefurahi kwa habari zenu zote. Mwambie mama yako amesema kweli kuhusu cherehani. Mwambie kaka kwamba goti si redio, akilipumzisha litanyamaza.

Kama ilivyo desturi yangu, barua hii nitainakili: nakala moja naitia posta, na nyingine nitampa mwanafunzi mmoja anayerudi huko baadaye, aje akukabidhi mkononi. Unaijua sababu. Wareno wangu waliandika barua moja mara mbili au tatu, kila nakala wakaipandisha chombo chake, kwa kuwa walijua bahari itakula mojawapo. Posta zetu na bahari ni ndugu.

Uprofesa umenifikia. Nilicheka, nikalia kidogo, nikaenda kazini. Mhadhara nitauandika, lakini kuja siwezi. Huku ng'ambo, kwenye Hifadhi ya Nyaraka, wamefungua bunda la barua ambalo limefungwa tangu nilipokuwa msichana, na mwezi wa saba linakwenda matengenezoni. Nikiondoka sasa silioni tena. Niko chumba kilekile, kwa yule mama mwenye nyumba anayezima maji ya moto ukiimba bafuni. Mbali na bunda, sina jipya.

Nimempelekea Mkuu wa Kitivo telegramu. Amekubali mhadhara usomwe na mtu mwingine kwa niaba yangu. Mzee Ngome amejitolea. Unamfahamu, yule wa historia ya ngome na mizinga, anayesema mimi nimepoteza maisha kwa watu wasio na jina. Ataisoma kazi yangu kama hakimu anavyosoma mashtaka. Afadhali usisomwe.

Nataka uusome wewe. Umesoma historia, mwandiko wangu unaujua, na Wareno hawa umekua nao mezani kama binamu. Nijibu.

Shangazi yako


Masjala
20 Machi 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, imeloa pembeni lakini inasomeka. Hapa mvua imeanza, na paa la masjala linavuja juu ya mafaili ya wastaafu. Mkuu wetu amesema angalau wamekumbukwa na mtu. Mdogo wangu amefaulu hesabu, Mama hajambo, Baba amemaliza ukuta mmoja. Ni kijani, Shangazi. Kijani cha zahanati.

Nilifurahi sana kusikia habari za bunda. Je, karatasi zake zimeliwa na wadudu? Wino umekuwa kahawia au bado ni mweusi? Nimekuwa nikifikiri pia kuhusu gundi ya bahasha zetu, ambayo haishiki kabisa siku za unyevu, na nimeandika pendekezo kwa mkuu wa masjala ingawa bado sijampa.

Mkuu wa Kitivo amepita leo kuuliza msomaji ni nani. Nilimwambia jambo hilo linashughulikiwa.

Mwanao,
Karani


Masjala
2 Aprili 1985

Shangazi,

Shikamoo. Wote ni wazima.

Leo yule mwanafunzi ameniletea nakala ya pili ya barua yako ya Februari. Nikafanya ulivyonifundisha wakati wa likizo za shule, uliponiweka mezani kwako na picha za barua mbili za kapteni mmoja. Nilizilaza ubavu kwa ubavu, rula juu ya mstari, nikasoma moja na kusikiliza nyingine. Ulikuwa ukisema: "Zinapokubaliana, umepata barua. Zinapopishana, umempata mtu."

Salamu zinakubaliana. Goti linakubaliana. Mzee Ngome yumo kwenye zote mbili, na ya pili umemwongezea tusi. Lakini nakala ya posta, ambayo Baba huifungua kabla yangu, inasema uko chumba kilekile kwa mama mwenye nyumba. Nakala ya mkononi inasema unaishi juu ya karakana ya kujalidi vitabu, kwenye vyumba viwili vyenye harufu ya gundi na ngozi, na kwamba asubuhi unapandishiwa kahawa dirishani kwa kikapu na kamba, kwa sababu ngazi zinapakwa rangi. Mtu hajipandishii kahawa mwenyewe, Shangazi.

Tena, nakala ya posta inasema mbali na bunda huna jipya. Sentensi hiyo kwenye nakala ya pili haipo.

Siulizi kwa ubishi. Nauliza kwa sababu nimekaa na rula mkononi mchana kutwa, na faili tatu nimezipeleka idara isiyohusika. Nani anakupa kahawa?

Mwanao,
Karani


21 Aprili 1985

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara moja tu, ikatosha. Ndiyo malipo ya kufundisha mtoto wa mtu kulinganisha nakala.

Nakala ya posta niliiandika kwanza, kwa uangalifu, kaka yangu akiwa amesimama akilini mwangu na miwani yake. Ile ya pili niliiandika siku kadhaa baadaye, asubuhi yenye jua, nikiwa na furaha. Mtu mwenye furaha hanakili vizuri. Nilisahau kudanganya.

Anayenipa kahawa ni fundi wa kujalidi wa Hifadhi. Ni mgane, ana mabinti wawili wakubwa, anacheka polepole. Ndiye aliyelifungua lile bunda, uzi baada ya uzi, mimi nimesimama nyuma yake nikimwambia aharakishe. Alinijibu, "Mama, karatasi hizi zimekungoja karne nne, nawe ngoja mpaka saa nane." Tunafunga ndoa mwezi wa sita. Nina umri ambao wenzangu wanazungumzia wajukuu, mimi nachagua viatu.

Bunda ni kweli na mwezi wa saba ni kweli. Lakini ukweli wa tatu ni huu: naogopa. Nikija, kaka atanikalisha sebuleni. Atauliza huyu mtu ni nani, wa ukoo gani, ana nini, kwa nini sasa. Nami ambaye nimesimama mbele ya maprofesa wa kila namna nitakuwa tena msichana aliyevunja kikombe. Sitaki kukalishwa sebuleni. Leo sina wa kunibebea barua hii ila posta, kwa hiyo iwahi kabla yake.

Basi mimi nimesema. Wewe uliniuliza wino umekuwa rangi gani na gundi ya bahasha inashikaje, hukuniambia kama utausoma. Karani wangu, nimesoma barua za waoga maisha yangu yote. Yule anayeulizia hali ya hewa ndiye anayeogopa zaidi.

Sema ndiyo au sema hapana. Ukisema hapana sitakasirika, na uprofesa utakwenda zake salama.

Shangazi yako


Masjala
12 Mei 1985

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Hongera kweli.

Ulisema lako, nami niseme langu. Naogopa ukumbi. Naogopa kufungua mdomo na kukuta hakuna kitu. Naogopa nikiharibu, watu watasema maneno yako ndiyo mabovu, maana sauti yangu haina hadhi ya kubeba lawama. Naogopa mkuu wa masjala atakuwa amekaa safu ya tatu, akiniandikia ripoti kichwani. Nilijaribu kukuandikia hapana. Niliichapa kwenye mashine, ikatoka safi bila kosa, nikaiona ni mbaya sana kuitazama.

Kwa hiyo ni ndiyo. Nimeshamwambia Mkuu wa Kitivo, ili nisiweze kurudi nyuma, naye amepanga tarehe 19 Juni. Mzee Ngome alikuwa mlangoni kwake. Akasema, "Karani? Vizuri. Angalau atasoma yaliyoandikwa."

Jambo la pili, naomba usinikasirikie. Baba nimemwambia. Hukunituma, lakini barua yako ya posta alikuwa ameshaanza kuifungua, nikaona bora aisikie kwa sauti ya mtu kuliko kwa mwandiko. Tulikuwa mezani. Akaweka kijiko chini, Mama akaacha kutafuna.

"Dada yangu," akasema, "kila nilipomwambia aolewe alinijibu ameshaolewa na Wareno. Tena wote wamekufa!"

"Basi sasa kapata aliye hai," Mama akamjibu. "Shukuru."

"Na mbona hakuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungemkalisha sebuleni."

"Nani? Mimi?" Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta shahidi. Hakumpata. Akanyanyuka na goti lake, akaenda uani, tukasikia anaburuta ngazi. Alikaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alikuwa na rangi kwenye nyusi, akasema chumba hicho kitanda chake ni cha mtu mmoja, na fundi seremala ana kazi nyingi siku hizi, kwa hiyo ni lazima aambiwe mapema.

Mimi naona hiyo ni ruhusa. Mama anasema ni zaidi.

Mhadhara umefika, nakala zote mbili. Nimezilinganisha. Zinakubaliana kila neno.

Mwanao,
Karani


30 Mei 1985

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma juu ya ngazi nikakaa hapohapo, fundi akadhani kuna msiba. Nilimsomea habari ya kitanda. Kwanza alicheka, halafu akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Kuhusu ukumbi sina mawaidha marefu. Kunywa maji kabla. Usimtazame Mzee Ngome mpaka ukurasa wa nne. Ukikosea neno, usiombe radhi, lirudie tu. Watakapouliza maswali, sema mwandishi atajibu kwa barua.

Siku hiyo mimi nitakuwa naolewa. Usinicheke, ndiyo tarehe pekee ofisi iliyokuwa nayo. Saa utakayosimama wewe, nami nitakuwa nimesimama.

Shangazi yako


Masjala
21 Juni 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo, bibi harusi. Tuambie ilikuwaje. Mimi nitakuambia ya huku, yote, hata ninayoyaonea haya.

Ukumbi mdogo wa kitivo ulijaa. Sijui walikuja kwa ajili yako au kuona karani akianguka. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, wakakizima. Baba alikuwa safu ya mbele kabisa na shati lake la mikutano. Nilimsikia akimwambia jirani yake, "Huyo ni wangu, na maneno ni ya dada yangu. Kaa vizuri."

Nikaanza. Ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya kabati. Baba akapaza yake: "Hatusikii huku nyuma!" Yuko mbele, Shangazi. Angeweza kunigusa. Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka, na kicheko kikaacha mlango wazi, sauti ikapita hapo.

Nikawasomea kwamba wenzako wamehesabu mizinga na wewe umetafuta midomo. Kwamba kila kapteni wa Kireno alipokutana na mtawala wa pwani asiyoijua, katikati yao alisimama mkalimani ambaye mara nyingi hata hakuandikwa jina: pengine mateka wa bandari iliyotangulia, pengine mhalifu aliyeachwa ufukweni mpaka ajue lugha, pengine mchuuzi tu aliyejua maneno ya bei. Kwamba amani ilipita kooni mwake, na vita vilipotokea, alilaumiwa yeye. Nilipofika ukurasa wa nne nikamtazama Mzee Ngome. Alikuwa ameegemea mbele.

Wakapiga makofi. Yakaja maswali, na nikawajibu mawili kwa ile sentensi yako, kwamba mwandishi atajibu kwa barua. Kisha Mzee Ngome akasimama.

"Swali langu halihitaji posta," akasema. "Mkalimani huyu anasimama kati ya wakubwa wawili wenye silaha. Alikuwa upande wa nani?"

Mkuu wa Kitivo akaanza kunyanyuka aniokoe. Ningemwachia. Lakini mdomo wangu, ambao hata mkuu wa masjala huwa hausikii, ukasema:

"Mzee, sijui yeye. Mimi nimesimama hapa saa nzima na maneno ya mtu mwingine mdomoni, mbele ya watu wanaoweza kunimaliza. Sikuwa upande wa mtu. Nilikuwa naomba tu nisikosee."

Halafu mtu akacheka, halafu wengi, si kicheko kibaya.

"Hilo si jibu la kihistoria," Mzee Ngome akasema.

"Ndiyo, mzee. Si la kihistoria."

Akakaa. Lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake, nimeona.

Mhadhara umepokelewa rasmi, na barua ya kuthibitisha uprofesa wako nimeichapa mimi mwenyewe leo asubuhi. Mkuu wa masjala amesimama nyuma yangu nikiichapa, akasema, "Karani, kumbe una sauti. Kuanzia kesho nisisikie tena minong'ono." Sijui kama huko ndiko kuthibitishwa. Nimeamua kufurahi kwanza, kuogopa baadaye.

Mwanao,
Karani


15 Julai 1985

Mwanangu,

Marahaba, na asante, na tena asante. Mume wangu anakusalimu. Nimeliandika neno hilo na kalamu imeona haya. Harusi ilikuwa fupi: karani wa ofisi alikuwa na mafua, mabinti wote wawili wa mume wangu walilia, viatu vilinibana. Mwambie kaka tunakuja mwezi wa kumi, na asiandae maswali, aandae chai.

Bunda limeondoka kwenda matengenezoni. Nimemaliza kulisoma.

Sasa kuhusu jibu lako. Mzee Ngome amesema kweli, nami nimemwandikia hivyo, kwa uchungu. Hatuwezi kuchukua woga wetu tukawavisha waliokufa. Lazima pawe na karatasi. Lakini swali lake na jibu lako havikunipa usingizi, nikarudi kwenye kadi zangu za zamani, zile za mwaka wangu wa kwanza wa utafiti, nilipokuwa na umri kama wako na nikijua kila kitu.

Iko kadi ya barua ya kapteni mmoja anayelalamika kupotezewa asubuhi. Alikuwa amekwenda mbele ya mtawala wa mji fulani kuomba ruhusa ya kuchota maji. Mkalimani wao, kijana waliyemchukua bandari ya nyuma, aliposimama kati yao midomo ilimkauka, akashindwa kutoa neno. Kapteni akakasirika. Mtawala akaagiza kijana aletewe maji, anywe, kisha aanze upya. Basi. Baada ya hapo ni habari za mapipa.

Chini ya kadi hiyo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ujana, nimeandika: Haina habari.

Nimechukua raba nikafuta. Sura ya mwisho ya kitabu nitaianzia hapo, mwanangu: wakubwa wawili wenye silaha wamekaa kimya, wanamngoja mtu mmoja mwoga amalize kunywa maji.

Shangazi yako